Kuigeuza The Picture of Dorian Gray kuwa filamu: anza na mchoro

Wengi wanaopanga kuitengenezea filamu riwaya ya Oscar Wilde, The Picture of Dorian Gray, huanza kwa kumtafuta kijana mzuri wa sura. Mimi ningeanza na mchoro. Kazi yangu ya kila siku ni kuhariri filamu, na mwisho wa wiki hukaa na vijana hapa Dar es Salaam wanaojifunza kuandika miswada. Riwaya hii tunairudia mara kwa mara, maana inamlazimisha mwandishi aamue mambo ambayo kwa kawaida anamwachia mwongozaji: mtazamaji aone nini, aone lini, na aone kupitia macho ya nani.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Ni London, mwishoni mwa karne ya 19. Mchoraji Basil Hallward anamchora kijana tajiri, Dorian Gray, aliyevuka miaka 20 juzi tu. Rafiki wa mchoraji, Lord Henry Wotton, anamwambia kijana huyo kwamba ujana ndio kitu pekee cha maana duniani, na kwamba wake utaisha upesi. Dorian anaingiwa na hofu. Anatamka kuwa angetoa hata roho yake ili yeye abaki alivyo na mchoro ndio uzeeke. Inakuwa hivyo. Miaka 18 inapita, uso wake hauna hata kunyanzi, na mchoro uliofungiwa chumba cha juu ya nyumba unabeba kila uovu anaoutenda.

Chagua toleo kwanza

Chini ya jina hilo moja kuna matini mbili, na usipojua umeshika ipi utachanganya mambo. Ya kwanza ilitoka kwenye jarida la Lippincott's la Marekani, toleo la Julai 1890, ikiwa na sura 13. Ya pili ni kitabu cha 1891 chenye sura 20. Wilde aliongeza sura sita na ile ya mwisho akaigawa mbili. Humo ndimo alimoingia James Vane, baharia, mdogo wake Sibyl (mwigizaji anayejiua baada ya kuachwa na Dorian), anayemwinda Dorian ili alipize kisasi. Hata umri ulibadilika: usiku wa kumuua Basil, Dorian wa kwenye jarida anakaribia kutimiza miaka 32, wa kwenye kitabu 38.

Kama una bajeti ndogo au unataka filamu fupi, shika ya jarida. Imebana, haina baharia wala msafara wa kuwinda shambani, na karibu kila kitu kinatokea vyumbani. Ukipata saa mbili kamili, James Vane atakufaa katikati, mahali ambapo kisa hulegea, kwa sababu analeta mtu wa kumwogopa aliye nje ya nyumba.

Jambo lingine la kupima ni Basil. Maneno anayomwambia Dorian yako wazi zaidi kwenye jarida. Baada ya wakosoaji wa magazeti kumshambulia, Wilde aliyapunguza. Mwaka 1895 riwaya hii ilitumika dhidi yake mahakamani, na mwaka huohuo akahukumiwa miaka miwili na kazi ngumu kwa sheria iliyopitishwa 1885. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini watu wa kisa hiki huishia njiani wanapotaka kusema jambo. Usifute mapenzi ya Basil kwa Dorian ukadhani umeirahisisha kazi. Ndiyo yaliyouchora ule mchoro. Ukiyaondoa, unabaki na fundi aliyelipwa na mteja asiyezeeka, na mauaji yake hayatamuuma mtu.

Na ukiwa hapohapo kwenye matini, safisha yasiyostahili kubebwa. Meneja wa ukumbi ambako Sibyl anaigiza amechorwa kwa kejeli chafu dhidi ya Wayahudi. Hakuna sini, yaani onyesho moja la filamu, inayohitaji hilo. Mfanye meneja wa ukumbi mchakavu, mwenye pete nyingi na madeni mengi, basi.

Daftari la mchoro

Chukua daftari, isome riwaya nzima, na kila mchoro unapotajwa kuwa mbele ya mtu andika: ni sura ya ngapi, ni saa ngapi, nani anautazama, mwanga unatoka wapi, na nini kimebadilika. Fanya hivyo kabla hujaandika sini hata moja. Wanaofanya zoezi hili hushangaa, maana walidhani mchoro umejaa kila ukurasa, kumbe hauonekani sana.

Sura ya 2 (namba za sura hapa ni za kitabu cha 1891), mchana, studio ya Basil. Mchoro umekamilika. Basil anainama, anaandika jina lake kwenye kona ya kushoto kwa herufi ndefu nyekundu. Muda si mrefu, Dorian akishalalamika kuwa mchoro utabaki kijana na yeye atazeeka, Basil anachukua kisu chake cha rangi ili aupasue. Dorian anamrukia, anampokonya, anasema kufanya hivyo ni kuua. Weka nyota mbili hapo kwenye daftari lako. Lile jina jekundu litarudi sura ya 13, na ndilo litakalomfanya Basil akubali kwamba kioja kilicho mbele yake ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Kile kitendo cha kuukatia mchoro kisu kitarudi sura ya mwisho. Wilde amekwishakupandia mbegu, nawe wape jina na kisu shoti mojamoja, bila muziki wa kuvikazia. Mtazamaji ataviweka akiba bila kujua.

Sura ya 7, alfajiri, maktaba ya Dorian, mwanga hafifu unaopenya mapazia ya hariri. Ametoka kumwacha Sibyl kwa maneno ya kikatili, ametembea usiku kucha mpaka soko la Covent Garden, ambako mwenye mkokoteni amempa matunda ya cheri na kukataa malipo. Anaingia nyumbani na kuona kitu mdomoni mwa mchoro. Mstari wa ukatili, hakuna zaidi. Anachukua kioo chenye umbo la yai, fremu yake ya pembe za ndovu, zawadi ya Lord Henry, anajitazama. Mdomo wake hauna mstari huo.

Hapa ndipo filamu nyingi huharakisha. Mstari mmoja tu! Wanaona aibu kumwonyesha mtazamaji badiliko dogo kiasi hicho, basi wanaweka na jicho lililovimba na ngozi iliyooza. Nakusihi usifanye hivyo. Mpe mtazamaji muda wa kutazama mchoro, kioo, kisha mchoro tena, mpaka naye asiwe na hakika. Huo wasiwasi ndio utakaombeba kwa saa nzima inayofuata.

Sura ya 8, mchana wa siku hiyohiyo, Lord Henry anakuja na habari kwamba Sibyl amekunywa sumu. Lord Henry akiondoka, Dorian anautazama mchoro tena: haujabadilika zaidi. Ulikwishaijua habari kabla yake. Sura ya 9, Basil anataka kuuona mchoro wake ili aupeleke kwenye maonyesho Paris, nao uko nyuma ya kiambaza, hatua chache kutoka aliposimama. Anakatazwa. Hapa mchoro hauonekani kabisa, na kwangu hii ndiyo sini ya kutisha kuliko zote za nusu ya kwanza. Sura ya 10 unafunikwa kwa shuka la satini ya zambarau lenye nakshi za dhahabu, na mtengeneza fremu na msaidizi wake wanaupandisha kwenye chumba ambacho Dorian alisomea utotoni. Baadaye yeye hupanda peke yake na kioo mkononi, akilinganisha. Kisha usiku wa Basil. Kisha siku ya pili yake, wekundu umetokea mkononi mwa aliyechorwa. Kisha mwisho.

Ukimaliza daftari, uamuzi wangu ni huu: mtazamaji auone mchoro wazi mara nne. Ukiwa mpya, ukiwa na mstari mmoja, Basil anapouona, na mwisho kabisa unaporudi kuwa mzuri. Mara nyingine zote kamera ikae upande wa mchoro na kumtazama anayeutazama. Mhariri atakushukuru, kwa kuwa sura ya mtu anayeogopa unaweza kuikata popote, ila ukishauonyesha mchoro umekwisha kuulipia.

Filamu ya Albert Lewin ya 1945 ililielewa hili. Yote ni nyeusi na nyeupe, lakini mchoro unapoonyeshwa, skrini inajaa rangi za Technicolor. Ule wa ujana ulichorwa na Henrique Medina. Ule uliooza ni wa Ivan Albright, na uko Art Institute of Chicago mpaka leo. Harry Stradling alipata tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Wengi wakiitaja filamu hiyo husifu ule ubaya wa mchoro wa Albright, nami nausifu ubahili wa Lewin, kwani rangi zinakuja mara chache kiasi kwamba unazisubiri. Filamu ya Oliver Parker ya 2009, yenye Ben Barnes na Colin Firth, ilikwenda njia nyingine, ikautia mchoro uhai kwa kompyuta. Kwa maoni yangu, mchoro ukianza kujongea unageuka dubwana, na hatia inahama kutoka mikononi mwa Dorian kwenda kwa dubwana.

Kwa utengenezaji, mtafute mchoraji wa kweli wa rangi za mafuta. Mchague mwigizaji mapema ili mchoraji amchore yeye, asimchore mtu wa kubuni. Agiza turubai tatu za ukubwa mmoja, umbo likinakiliwa kutoka ya kwanza, ili mabega, mkono na jina jekundu vikae palepale. Mwambie fundi wa taa mapema kwamba vanishi inang'aa. Mwanga wa mbele utakupa doa jeupe usoni, mwanga wa ubavuni utaonyesha hata alama za brashi.

Uso hauzeeki, basi wengine wazeeke

Dorian wa kitabuni ana nywele za dhahabu na macho ya buluu. Hurd Hatfield wa 1945 alikuwa na nywele nyeusi, na hakuna aliyekufa. Kinachotakiwa ni uso unaomfanya mtu amwamini kabla hajasema neno. Hatfield aliucheza ukiwa mtulivu kama barakoa. Inafanya kazi nusu ya pili; mwanzoni nataka kijana anayeona haya, anayechoka kusimama, anayecheka. Bila hivyo hakuna kinachopotea.

Kwa kuwa yeye habadiliki, bajeti ya mekapu ipelekwe kwa wengine wote. Lord Henry apate mvi. Yule mtumishi wa mlangoni aondoke, aje mwingine. Mbinu ninayoipenda ni meza moja ya chakula, kamera ileile mahali palepale, ikirudi mara kwa mara: wageni wanaongezeka uzito, mmoja haonekani tena, mwingine ameshika fimbo, na Dorian katikati yao yuleyule. Hiyo ndiyo sura ya 11 yako.

Sura ya 11 yenyewe huwatesa waandishi. Ni kurasa na kurasa za manukato, ala za muziki, vito, vitambaa. Usijaribu kuvibeba vyote kwa picha za harakaharaka. Chukua kimoja. Mimi ningechukua vitambaa vya kale, kwa sababu humo Dorian anahuzunika akiona vitu vizuri vinavyoliwa na wakati, halafu anakumbuka kwamba yeye amesalimika. Mwigizaji akishika nguo ya hariri ya zamani, ikachanika vidoleni mwake, umepata sura nzima kwa sekunde kumi.

Na dhambi zake? Usizitaje. Wilde alilijibu gazeti moja lililomshutumu kwamba dhambi za Dorian hakuna azijuaye, na anayeziona ndiye aliyekuja nazo. Filamu ya Massimo Dallamano ya 1970, yenye Helmut Berger, ilizionyesha starehe hizo waziwazi, na kwa kufanya hivyo ikazipunguza zikawa orodha. Riwaya imekupa njia iliyo bora. Sura ya 12 Basil anamuuliza Dorian kwa nini mtu kama Duke of Berwick akimwona anaingia chumbani klabuni, yeye hutoka. Piga hiyo. Mlango unafunguka, Dorian anaingia akitabasamu, mzee mmoja anakunja gazeti lake, anasimama, anatoka bila kumtazama. Hakuna maelezo.

Sibyl aigize vizuri kwanza

Sibyl Vane ana miaka 17, anaigiza Shakespeare kwenye ukumbi duni, na Dorian anampenda kwa kipaji chake. Usiku anapoleta marafiki zake, Sibyl anaigiza Juliet vibaya mno. Sababu yake nzuri sana: amepata penzi la kweli, na la jukwaani limekuwa uongo kwake. Dorian anamwacha kwa hilo.

Kwa hiyo ni lazima tumwone akiigiza vizuri, kwa dakika nzima, bila kukatwa, kabla ya kumwona akiharibu. Mtafute mwigizaji wa jukwaani na ufanye naye mazoezi ya matoleo yote mawili ya hotuba ileile. Lewin alilikwepa tatizo: Sibyl wake, aliyechezwa na Angela Lansbury, ni mwimbaji, na anaachwa kwa sababu ya jaribio lililobuniwa na Lord Henry kuhusu tabia yake. Lansbury anagusa moyo, lakini kosa limekuwa la maadili ya mwanamke, wakati Wilde aliandika juu ya mwanamume anayependa uzuri kuliko mtu. Rudi kwa Wilde.

Lord Henry apunguziwe maneno

Kila mwandishi anampenda Lord Henry kupita kiasi. Misemo yake inachekesha, inanukulika, na ukiiacha yote filamu inakuwa redio. Kanuni ninayowapa vijana wangu: msemo mmoja kwa sini, na kamera iwe kwa anayesikiliza. Kisha, sini kadhaa mbele, msemo uleule utoke kinywani mwa Dorian, kwa sauti baridi, kwa mtu ambaye utamuumiza. Kumbuka pia kuwa kitabuni Lord Henry mwenyewe hafanyi lolote. Anazungumza, anarudi nyumbani, analala.

Usiku wa Basil

Sini hii iandike neno kwa neno ukiwa umefungua kitabu, kwa sababu ratiba yake imekwisha kupangwa. Basil anasafiri kwenda Paris kwa treni ya saa sita usiku, kwa hiyo akipotea hakuna atakayemtafuta kwa miezi. Wanapanda ngazi na taa moja. Basil anaona mchoro, anaona jina lake jekundu, anamwomba Dorian wapige magoti wasali pamoja. Hapo ndipo Dorian anaposhika kisu.

Baada ya pigo, usikate kwenda asubuhi. Riwaya inasikiliza matone yakianguka kwenye zulia lililochakaa. Dorian anafungua dirisha, anatoka kwenye roshani. Chini, polisi wa doria anamulika milango ya nyumba zilizolala kwa taa yake. Mwanamke aliyejifunga shali anapita akiyumba kando ya vyuma vya uzio, anaanza kuimba kwa sauti iliyokauka, polisi anamwambia kitu, anaondoka akicheka. Ndani kuna maiti, nje mji unaendelea na mambo yake. Shoti moja ndefu kutoka juu, sauti ya mwanamke ikipungua polepole, inatosha.

Kisha Dorian anashuka, anaficha koti na mkoba wa Basil, anatoka nje, anapiga kengele ya mlango wake mwenyewe. Mtumishi anakuja na usingizi. Dorian anamuuliza ni saa ngapi. Saa nane na dakika kumi, anajibiwa. Anajifanya kushangaa jinsi usiku ulivyokwenda. Mwigizaji asitoe jasho hapa wala asitetemeke.

Siku ya pili anamlazimisha Alan Campbell, mkemia, aiteketeze maiti kwa asidi. Anachomtishia nacho kimeandikwa kwenye karatasi tusiyoisoma. Nawe usiisome. Baki chini pamoja na Dorian anayesubiri, saa ikipita, mpaka Campbell ashuke ngazi akiwa na uso mwingine.

Mwisho uutazame kutoka nje

Dorian anauchoma mchoro kwa kisu kilichomuua Basil, ila riwaya haituingizi kwenye kifo chake. Kinasikika kilio. Wapita njia wawili wanasimama, wanamwita polisi. Watumishi wanapanda, mlango haufunguki, wanazunguka kwa paa na kuingia kwa dirishani. Fuatana nao. Usitumie kompyuta kumzeesha mbele yetu. Mtu aliyemkaribia Dorian maisha yake yote akashindwa kumtambua ila kwa pete zake anatisha zaidi. Kwa hiyo pete hizo tuzione mapema, mkononi, kwenye ile meza ya chakula.

Kuhusu haki: Wilde alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900, na riwaya yake iko huru kwa yeyote. Waliyoyabuni waongozaji hayako huru. Gladys Hallward, mpwa wa Basil, na sanamu ya paka wa Misri ni vya filamu ya 1945. Emily, binti wa Lord Henry, ni wa 2009. Pitia mswada wako uhakikishe kila mhusika umemtoa kitabuni au kichwani mwako.

Vijana huniuliza kila mara kama wanaweza kukihamishia kisa zama hizi na kuweka simu mahali pa mchoro. Kuhamisha zama ruhusa, ila simu siikubali: picha ya simu ina nakala mia, na ulipiga mwenyewe. Mchoro ni mmoja tu duniani, na umetoka kwenye mkono wa mtu aliyekupenda.

Rasimu ya kwanza ikizidi kurasa 110, anza kukata kwenye karamu, kisha kwenye mazungumzo ya Lord Henry na wanawake wa heshima, kisha uwindaji. Ile sini ya sura ya 9, Basil akiwa hatua chache kutoka kwenye kiambaza, usiiguse hata mstari.